Yubile na Ardhi: Miaka 50 ya Kwaya Yetu na Swali la Mazingira



Neno yubile tumelichapisha kwenye fulana, tumelishona kwenye vitenge na kulitundika langoni, lakini ukifungua Walawi sura ya 25 utaona kwamba halikuanza kama sherehe ya watu. Lilianza kama amri juu ya shamba. Kila mwaka wa saba ardhi ilipaswa kupumzika. Miaka saba mara saba ikiisha, mwaka wa hamsini baragumu lilipigwa, watumwa wakaachiwa, mashamba yakarudi kwa wenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda. Sababu iliyotolewa ni fupi: nchi ni mali ya Mungu, na watu ni wageni waliopangishwa kwake. Sisi wa Mombasa, ambao wengi wetu tunamjua mwenye nyumba na tarehe yake ya kubisha hodi, hatuhitaji kuelezwa zaidi maana ya kuwa mpangaji.

Safari zetu, kanda tulizorekodi na majina ya walimu wa kwaya tangu 1975 yako katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa tumeweka historia ya swali moja ambalo limetufuata kwa miaka mingi na mwaka huu limefika mezani: mtu aliyeokoka ana kazi gani na mti, bahari na hewa? Je, ni jambo la Injili au ni la Serikali? Wapo kati yetu wanaosema ni la Injili kabisa, na wapo wanaoona ni njia ya kulipotezea kanisa muda. Wote tunasimama nao safu moja kila Jumapili. Tumeona ni vema kuandika jinsi watu wa imani yetu walivyolifikiria jambo hili, hapa Pwani na kwingineko, kabla hatujapiga kura.

Tuanze na Rabai, maana ndiko tulikotoka. Johann Ludwig Krapf alishuka Mombasa mwaka 1844, akiwa ametumwa na shirika la CMS la Uingereza, shirika la Waanglikana wa mrengo wa kiinjilisti. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga, na kaburi lipo upande wa Nyali hadi leo. Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakafungua kituo Rabai. Mei 1848 Rebmann alisafiri kwenda Uchagani na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 akaona juu ya mlima kitu cheupe alichodhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake kile ni nini. Kiongozi hakuwa na jina lake ila moja: baridi. Rebmann, mzaliwa wa Ujerumani, akatambua kwamba anatazama theluji.

Habari hiyo ilipochapishwa London mwaka 1849 ilipata wa kuicheka. Mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na akaendelea kubisha kwa miaka mingi. Ni mpaka Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima kwa sehemu, mwaka 1861 na tena 1862, ndipo wengi waliposadiki. Kisa hiki hupendwa sana makanisani kwetu, na si ajabu: mhubiri aliyekwenda na mwavuli wake alikuwa sahihi, na msomi aliyebaki mezani alikosea.

Kisa kina upande wa pili, ambao husimuliwa mara chache. Barafu ile aliyoiona Rebmann inakwisha. Waliopima wanasema kati ya 1912 na 2007 karibu asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu kileleni lilitoweka. Wataalamu wanajadiliana ni kiasi gani kimeletwa na joto lenyewe na kiasi gani na ukavu wa hewa na uhaba wa theluji mpya. Hawabishani kwamba barafu inaondoka. Safari hii wanaopanda mlima na kurudi na habari ni wanasayansi. Wanaokaa mezani wakisema haiwezekani, baadhi yao ni wahubiri wa mlengo wetu.

Rabai hiyohiyo ndiyo yenye makaya. Vijana wetu waliozaliwa kisiwani huenda hawajawahi kuingia kaya, kwa hiyo tueleze kidogo. Kaya ni msitu uliozunguka kijiji cha kale cha Wamijikenda, ambamo wazee walitambikia na kulinda fingo, na ambamo mtu hakati mti ovyo, hachungi mifugo wala haingii na viatu pale palipokatazwa. Wamishenari waliyaona makaya kuwa ngome za giza. Walioamini wakafundishwa kuyapa kisogo. Hatuwalaumu, waliokuwa wametoka katika hofu ya mizimu walijua wametoka katika nini, na mpaka leo mpendwa wa Rabai au Kaloleni akisikia kanisa linazungumzia msitu mtakatifu, masikio humsimama. Lakini miiko ile ndiyo iliyokuwa ua wa msitu. Hofu ilipoondoka, ua ukaondoka nayo, na hakuna aliyejenga mwingine. Si Ukristo peke yake uliofanya hivyo: njaa ya ardhi, viwanja vya hoteli, biashara ya mbao na machimbo vyote vimekula humo. Tangu 1992 Serikali ilianza kuyatangaza makaya kuwa hifadhi za kitaifa, na mwaka 2008 UNESCO ikayaandika baadhi yake, ya Rabai yakiwemo, kuwa urithi wa dunia.

Kwa maoni yetu hapa ndipo tatizo la Pwani lilipo, kuliko katika mjadala wowote wa sayansi. Kwa vizazi kadhaa, kulinda mti kulinuka ushirikina. Mchungaji akihubiri kuhusu miti alionekana amerudi nyuma. Swali ambalo wazee wa imani hawakuulizwa ni kama mtu anaweza kuuacha msitu usimame bila kumwaga tembo chini ya mbuyu. Mwanzo sura ya 2 inajibu kabla ya dhambi haijaingia duniani: mtu aliwekwa bustanini akapewa kazi mbili, kulima na kutunza. Hakuna mzimu hapo, wala kafara.

Kwaya yetu ilianza 1975, na wakati ule upepo wa Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa bado unavuma. Uamsho huo ulitoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi Kenya. Ulitufundisha kuungama wazi, kurudisha vilivyoibwa na kupendana bila kuuliza kabila, na hakuna mwanakwaya wa miaka ile asiyeshukuru kwa hayo. Ulitufundisha pia kwamba sisi ni wasafiri. Pitia faili la nyimbo zetu tulizozitunga wenyewe uone: mto wa kuvuka, lango, mji wa dhahabu, tarumbeta, kwaheri dunia. Za uumbaji ni chache, na nyingi kati ya hizo chache zilitungwa kwa ajili ya mashindano ya shule za Jumapili. Mlimani tulipapenda kwa sababu ni karibu na mbinguni. Bahari tuliiimba ikiwa na dhoruba tu, ingawa tumeishi kisiwani miaka yote hiyo na wengi wa jirani zetu wanaitegemea kwa kitoweo.

Mwaka mmoja kabla ya kwaya kuanza, Julai 1974, viongozi wa kiinjilisti kutoka duniani kote walikutana Lausanne, Uswisi, wakatoa Agano la Lausanne. Lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa lilikiri kwamba kuhubiri na kuwahudumia maskini si kazi zinazopingana. Kuhusu ardhi, maji na hewa halikusema lolote la maana. Mwandishi wake mkuu alikuwa John Stott, kasisi wa Kianglikana wa London, ambaye wengi wetu tunamjua kwa vitabu vyake. Wachache wanajua kwamba alikuwa mpenzi mkubwa wa ndege, aliyetembea na darubini, na kwamba mwaka 1999 alitoa kitabu kizima kuhusu mafunzo ya imani kutoka kwa ndege. Stott alisaidia sana kuwafanya wainjilisti waone kwamba kumpenda Muumba na kudharau alichokiumba hakuendi pamoja.

Kanisa la Anglikana lenyewe lilichukua hatua mwaka 1990. Baraza la Ushauri la Waanglikana lilikuwa na alama nne za utume: kuhubiri, kufundisha na kubatiza, kuhudumu kwa upendo, na kupinga udhalimu. Ndipo likaongeza ya tano, yaani kuulinda uumbaji na kuyahuisha maisha ya dunia. Alama hizo hufundishwa katika madarasa ya kipaimara. Ya tano huwa inafika saa ya chai.

Hapa nyumbani, aliyelibeba jambo hili mabegani katika miaka ile hakuwa mchungaji. Wangari Maathai alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akasimama mwaka 1989 dhidi ya jengo refu lililotakiwa kujengwa Uhuru Park, akapigania msitu wa Karura, akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Wahubiri wengi walimtazama kwa mbali. Walimwona mwanasiasa. Lakini mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa Uhuru Park pamoja naye, mlango uliofunguka ulikuwa wa Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, na wakakaa humo muda mrefu.

Kisha ikaja El Niño ya 1997 na 1998. Wanakwaya waliokuwapo hawahitaji tarehe. Mvua ilinyesha wakati wa vuli ikapitiliza, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ikakatika, na mito ikaleta udongo wa bara hadi kwenye hori zetu. Kule Mwache, magharibi ya kisiwa, matope yalifunika mizizi ya mikoko mpaka ikafa kwa mamia ya ekari. Mkoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya tope. Uifunike, umeuziba pua. Mwaka 1998 maji ya bahari yakapata joto kupita kiasi, na matumbawe ya pwani yote ya Kenya yakageuka meupe, sehemu kubwa yakafa. Kanisani wakati huo tuliomba mvua ipungue, na jumuiya za nyumbani zikachanga nguo na unga. Sijui kama yuko aliyefikiri kwamba tope la Mwache lilitoka kwenye mashamba yaliyolimwa bila makinga maji na vilima vilivyokatwa miti, tena na watu tunaowajua.

Mjadala mkubwa wa wainjilisti kuhusu tabianchi ulipamba moto zaidi Marekani, na lazima tuuguse kwa sababu unatufikia kila siku kwenye simu. Mwaka 2006 viongozi zaidi ya themanini wa kiinjilisti wa huko walitia sahihi tamko la kutaka hatua zichukuliwe kupunguza hewa chafu. Wengine wakajibu kwa matamko yao, hasa kundi linaloitwa Cornwall Alliance, ambalo lilisema mwaka 2009 kwamba dunia iliumbwa imara, inajirekebisha yenyewe, na kwamba sera za kupunguza makaa na mafuta zitawaumiza maskini. Uchunguzi wa maoni umeonyesha mara kwa mara kwamba wainjilisti weupe wa Marekani wako nyuma ya makundi mengine yote ya kidini nchini mwao katika kukubali kwamba joto hili limeletwa na binadamu. Sababu si Biblia peke yake. Huko suala hili limefungwa pamoja na vyama vya siasa, ushuru, na ugomvi wa zamani kati ya makanisa na walimu wa sayansi. Mpendwa wa Majengo anayesambaza video ya mhubiri wa Texas katika kundi la WhatsApp la kwaya anasambaza pia ugomvi usiomhusu.

Lakini hata kwa watu wa kizungu, habari haikuwa ya upande mmoja. John Houghton, aliyeongoza kazi ya kisayansi ya Jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi tangu 1988 hadi 2002, alikuwa Mkristo wa kiinjilisti kutoka Wales, mzee wa kanisa, aliyesema wazi kwamba anafanya kazi hiyo kwa sababu ya imani yake. Katharine Hayhoe, mwanasayansi wa hali ya hewa anayefundisha Texas hiyohiyo, ni mke wa mchungaji. Mwaka 2010 mkutano wa tatu wa Lausanne ulifanyika Cape Town, na safari hii tamko lake lilisema waziwazi kwamba kuitunza dunia ni sehemu ya kumkiri Yesu kuwa Bwana, kwa kuwa dunia ni yake. Mwaka 2012 wakakutana tena Jamaika kwa ajili ya jambo hilo peke yake.

Aya zinazotumika kupinga ni mbili hasa, na zimetajwa katika mazoezi yetu mara nyingi, hasa na wazee wa besi. Ya kwanza ni Mwanzo 8:22, ahadi kwa Nuhu kwamba majira hayatakoma. Tunaiamini. Lakini baada ya ahadi hiyo, ndani ya kitabu kilekile, ilikuja njaa ya miaka saba Misri. Ahadi haikuizuia. Kilichowaokoa watu, pamoja na wana wa Yakobo, ni kwamba Mungu alimwonyesha Yusufu mapema, naye akaenda kwa Farao na mpango: sehemu ya tano ya mavuno, maghala, wasimamizi kila mji. Leo tungeiita sera. Ya pili ni 2 Petro 3:10, kwamba yote yatateketea kwa moto, basi ya nini kupaka rangi nyumba inayoungua? Petro, mistari michache kabla, anakumbusha gharika. Basi tumwangalie Nuhu, ambaye alijua kwa hakika kwamba hukumu inakuja na tarehe imekaribia: aliambiwa apakie wanyama, wawili wawili, wote. Wala Paulo katika Warumi 8 hasemi kwamba viumbe vinangoja kutupwa. Anasema vinaugua vikingoja kuwekwa huru pamoja na wana wa Mungu.

Si lazima kwenda Cape Town kuona wainjilisti wanaofanya kazi hii. A Rocha ilianza Ureno mwaka 1983 kwa juhudi za kasisi wa Kianglikana, Peter Harris, na familia yake, na A Rocha Kenya ina kituo chake Watamu, mwendo wa saa mbili na kitu kutoka hapa. Wanahesabu ndege, wanatunza misitu, na tangu 2001 wana mpango wa kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida, wazazi nao wakishirikishwa kuulinda msitu. Wamenunua ardhi Dakatcha, nyuma ya Malindi, kuokoa msitu ambao ukikatwa kwa makaa ya kuuza mjini, yupo ndege mmoja wa jamii ya kwera, asiyepatikana popote duniani ila Kilifi, ambaye atakosa pa kutagia. Wapo watakaouliza ndege mmoja ana faida gani. Mathayo 10:29 inajibu, na shomoro wa pale hakuwa hata adimu.

Sheria za nchi nazo tumezipitia kwa mtindo wetu. Kura ya maoni ya Agosti 2010 wengi wa wachungaji walitaka tupige La, kwa ajili ya kifungu cha uavyaji mimba na cha mahakama za Kadhi. Rangi ya La ilikuwa nyekundu, ya Ndiyo kijani. Katika semina zote tulizohudhuria mwaka ule, hatukumbuki mtu akisoma kifungu cha 42, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi, wala cha 69, kinachoitaka Serikali ifikishe angalau asilimia 10 ya nchi kufunikwa na miti. Tuligombana juu ya Katiba nzima bila kuzisoma kurasa hizo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza tarehe 28 Agosti 2017 tuliinung'unikia juma moja, kwa sababu ya chapati za ugeni, kisha akina mama wakaleta vikapu na mambo yakaendelea. Hiyo ni sera iliyofaulu, na haikumdhuru mtu yeyote kiroho.

Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 ulikuwa mgumu zaidi. Misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Wanakwaya wenye kwao Ganze na Kinango walizika ng'ombe, na kwaya ilikwenda mara mbili na magunia ya unga. Tarehe 14 Februari 2023 taifa lilifanya siku ya maombi kwa ajili ya mvua, Rais na mkewe wakiongoza, na hapa kisiwani tulikesha. Mvua ikaja, na kufikia Novemba mwaka huo ikawa nyingi mpaka Kisauni na Jomvu watu wakalala juu ya meza. Tunaamini Mungu alijibu. Tunaamini pia kwamba mtu anayeomba mvua kisha akauza mkaa wa Dakatcha anaomba kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine. Mwaka huohuo tarehe 2 Julai, Rais alitangaza mwisho wa marufuku ya ukataji miti iliyowekwa tangu 2018, na alitangaza hilo katika ibada, Molo. Septemba akawapokea viongozi wa Afrika Nairobi kujadili tabianchi, na Novemba 13 nchi ikapewa mapumziko ya kupanda miti, lengo likiwa bilioni 15 kufikia 2032. Yote hayo yametoka kwa kiongozi mmoja aliyeokoka. Ndiyo sababu hatuamini kwamba kuokoka peke yake kunatupa jibu. Kuna kusoma na kupima pia.

Wengine husema Afrika inachangia chini ya asilimia 4 ya hewa chafu ya dunia, kwa hiyo wanaopaswa kutubu ni wengine. Hesabu ni ya kweli, na nchi tajiri zina deni ambalo mikutano ya kimataifa inalikwepa kila mwaka. Ila ukiwa Mombasa hesabu hiyo haizuii maji. Sehemu ya maji yetu ya bomba inatoka Mzima, Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, kwa bomba lililolazwa miaka ya 1950, nayo chemchemi hulishwa na mvua na ukungu wa milima ya Chyulu. Mitungi ya mikokoteni inayopita Mji wa Kale na Makadara ni ushahidi kwamba hata sasa hayatoshi. Chini ya Ngome ya Yesu imebidi kujengwa ukuta wa bahari, maana mawimbi yalikuwa yanaula mwamba ambao Wareno walijenga juu yake kuanzia 1593. Simama pale wakati wa bamvua ujionee.

Tumetaja Mji wa Kale, na haki ni kusema kwamba jirani zetu Waislamu hawakungoja sisi. Kule Misali, kisiwa kidogo cha Pemba, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 masheikh wamewafundisha wavuvi kwa aya za Kurani kuacha baruti na nyavu haribifu. Nyumba za kale za mtaa wetu huu zinasimulia pia: upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti, na boriti ilikuwa mkoko. Usafirishaji wa boriti kwenda ng'ambo ulipigwa marufuku mwaka 1982, kwa kuwa misitu ilikuwa inakwisha. Gazi, kusini, wanakijiji tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na hekta 117 za mikoko yao, katika mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha zimewaletea maji na vitabu vya shule.

Tufike sasa kwenye pendekezo. Kamati imeomba robo ya sadaka ya yubile itengwe kwa miaka mitatu, kushirikiana na kikundi cha wenyeji kurudisha mikoko kwenye hori ya Tudor. Robo tatu zibaki kwa kinanda, spika na mfuko wa wajane kama ilivyopangwa. Wanaopinga wana hoja nzito, na tumeahidi kuziandika bila kuzipunguza. Wanasema mazingira yamekuwa biashara ya wafadhili na picha za wanasiasa wakishika mche mmoja watu kumi. Wanasema miche mingi hufa, na ni kweli: mkoko ukipandwa kwenye tope tupu lililo chini sana, ambapo zamani hapakuwa na mkoko, hufa karibu wote, na kikundi chenyewe kilitueleza hivyo. Wanasema wapo watu katika mtaa wetu ambao hawajasikia Injili, na fedha ni chache. Hoja ya mwisho ndiyo inayotuuma zaidi, maana ni ya wale walioanzisha kwaya hii kwa kwenda nyumba kwa nyumba.

Wanaounga mkono wanajibu kwamba nyumba hizo zinafurika. Jumuiya zetu mbili zimehamisha ibada za jioni mara tatu tangu 2023 kwa sababu ya maji. Mwinjilisti aliyebisha hodi Novemba ile aliombwa kwanza ashike ndoo.

Kura itapigwa Jumapili baada ya sherehe, mara baada ya ibada ya pili, kwa karatasi za siri. Wanaopinga watazungumza kwanza, dakika kumi, kisha wanaounga mkono, dakika kumi. Wanakwaya wa zamani waliosajiliwa kwenye daftari la yubile wana kura kamili, pamoja na wale wa 1975 walio bado nasi. Atakayeshindwa kufika kwa ugonjwa ampe katibu wa kwaya barua iliyotiwa sahihi kabla ya Jumamosi.